Swichi ya Maabara Ipimwe kwa Wati Kabla ya Dola

Kijana wa Mubi anayejiandaa kwa mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, akitafuta ushauri juu ya vifaa vya kujifunzia nyumbani atakutana na orodha ileile kila anakogeukia: swichi tatu za poti 24, ruta tatu, na fremu ya chuma ya kuzipanga, vyote vya mitumba na vyote vya bei ndogo. Waliotunga orodha hiyo ni watu wenye soketi ukutani isiyokatika umeme usiku wala mchana, na walikuwa wakiwaandikia watu wa hali kama yao. Mubi ni mji wa msitu wa Walikale, Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Umeme wa gridi ya taifa haujafika, na nyumba inayowasha taa imejizalishia umeme wake kwa paneli ya sola au kwa jenereta. Katika mji wa namna hiyo orodha ile ni hasara, hata kama kila kifaa kilichomo kinauzwa bei ya kutupa. Hoja yangu ni kwamba swichi nafuu kwa mwanafunzi wa Mubi hutambuliwa kwanza kwa wati inazokula, pili kwa mambo inayoweza kumfundisha, na bei ya dukani huja ya tatu. Atakayefuata mpangilio huo ataishia na swichi ndogo mbili zisizo na feni, atazinunua baada ya kufanya mazoezi ya kutosha kwenye kompyuta, na atazinunua kwa kushirikiana na wenzake.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoamua. Catalyst 2960 ya poti 24, swichi ya Cisco inayosifiwa kuliko zote kwa wanaoanza, hula karibu wati 30. Kiasi hicho kinaonekana kidogo mpaka uzipange tatu na uweke laptopu ya wati 50 pembeni: wati 140. Mwanafunzi akifanya mazoezi kwa saa nne za jioni ametumia wati-saa 560. Betri ya kawaida ya asidi, ya volti 12 na ampea-saa 100, hubeba wati-saa 1,200 kwa maandishi yaliyobandikwa ubavuni, lakini ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo kilichopo cha kutumia ni 600 tu. Inveta nayo huchukua fungu lake inapogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220. Maana yake jioni moja ya mazoezi imemaliza betri nzima, na betri hiyo ndiyo iliyokuwa iwashe taa za watoto, ichaji simu na pengine iendeshe friji ya duka. Katika msitu wa ikweta mawingu yanaweza kutanda siku kadhaa mfululizo, na paneli isiyopata jua hairudishi kilichotumika. Betri ikishaharibika, kununua nyingine hugharimu zaidi ya swichi zote tatu zilizoiua. Mwenye jenereta hana nafuu, maana petroli ya Mubi inapitia barabara mbovu na bei yake hupanda kila mapigano yanapoikata njia.

Hesabu hiyo huzidi kuwa chungu kwa wanaoshawishika na swichi kubwa zaidi, kama Catalyst 3560 na 3750. Wauzaji husema kwamba hizi zinaweza kupitisha data kati ya mitandao bila ruta, na ni kweli. Lakini nyingi zilizojaa kwenye masoko ya mitumba ni zile zilizotolewa ofisini baada ya kulisha simu za mezani umeme kupitia kebo ya mtandao. Kiwango cha 802.3af huruhusu wati 15.4 kwa kila poti. Zidisha kwa poti 24 upate karibu wati 370. Hata kama hakuna simu iliyochomekwa, ndani mna mfumo wa umeme uliojengwa kwa mzigo huo, wenye feni zinazozunguka tangu swichi inapowashwa. Feni hizo huvuma kiasi cha kumnyima usingizi anayelala chumba kimoja na maabara. Isitoshe, huvuta hewa ya nje na kuipitisha juu ya bodi, na hewa ya Walikale ina unyevu mwaka mzima, ikibeba vumbi la barabara wakati wa kiangazi. Kifaa kilichoundwa kukaa kwenye chumba chenye kiyoyozi hakidumu katika hali hiyo. Kwa hiyo kusema swichi isiwe na feni ni kusema pia kwamba iwe na maisha marefu.

Swichi zinazofaa zipo, na si siri. Catalyst 2960 ilitengenezwa pia katika umbo dogo la poti 8, lisilo na feni, na baadaye ikaja 2960-C, nayo ndogo na kimya. Hula umeme mdogo kuliko dada zao wa poti 24, huingia kwenye begi la mgongoni, na anayesafiri nazo kwa pikipiki hahitaji kuzifunga kwenye keria. Jambo linalowachanganya wanunuzi ni kwamba muuzaji anaweza kudai kwa swichi ya poti 8 bei sawa na ya poti 24, au zaidi. Mtu huona amepunjwa poti 16. Lakini mwanafunzi wa CCNA hatatumia poti 24 hata siku moja. Atatumia mbili kuunganisha swichi na swichi, moja ya laptopu, moja ya ruta, na moja au mbili za majaribio. Poti zilizobaki angekuwa anazilipia umeme bila faida. Ningemshauri alipe hata dola 20 za ziada kwa swichi ndogo bila kusita.

Hapa ndipo mpangilio wangu unapofika kwenye la pili, yaani kile ambacho swichi inaweza kufundisha, na hapa mnunuzi asiangalie umbo peke yake. Swichi mbili zinazofanana kama pacha zinaweza kuwa na programu tofauti ndani. Cisco iliuza 2960 katika ngazi mbili, LAN Base na LAN Lite, na ya pili ilipunguzwa uwezo makusudi. Kwenye swichi ya poti 8 tofauti hiyo inasomeka kwenye jina: 2960-8TC-L ni LAN Base, 2960-8TC-S ni LAN Lite. Ikishawashwa, amri ya show version itaonyesha jina la faili la programu. Likiwa na maneno lanbasek9 mnunuzi amepata anachotaka, kwa sababu herufi k9 zina maana kwamba usimbaji fiche umo na SSH, njia salama ya kuisanidi swichi kutoka mbali, itafanya kazi. Swichi za zamani zaidi, kama 2950, nyingi hazina uwezo huo, na ndiyo sababu ziachwe hata zikitolewa bure. Kuna faida nyingine ambayo wauzaji wenyewe mara nyingi hawaijui: kuanzia toleo la programu 12.2(55)SE, 2960 yenye LAN Base inaweza kupewa njia chache za kudumu na kupitisha data kati ya VLAN, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja. Sifa ambayo watu waliifuata kwenye 3560 yenye feni inapatikana, kwa kiwango cha kutosha kwa mwanafunzi, kwenye swichi ndogo isiyo na feni.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote yanayohusu vifaa, ni kwamba hakuna haja ya kununua chochote. Cisco hutoa bure programu ya Packet Tracer kupitia Networking Academy, mpango wa mafunzo ulioanza mwaka 1997. Mwanafunzi akijiandikisha, akaipakua mara moja mahali penye intaneti nzuri na kuifungua kwa akaunti yake, anaweza kujenga kwenye laptopu mitandao yenye swichi kumi na ruta kumi bila intaneti na bila kuongeza hata wati moja ya vifaa. Nakubaliana na pingamizi hili kwa sehemu kubwa. Mtihani wa sasa wa CCNA, wenye namba 200-301 na uliopo tangu Februari 2020, umegawa alama zake wazi: misingi ya mitandao asilimia 20, kuunganisha vifaa kwenye mtandao, ambamo VLAN na mambo ya swichi yamo, asilimia 20, upitishaji wa IP asilimia 25, huduma za IP 10, usalama 15, na uendeshaji wa kiotomatiki 10. Karibu yote hayo yanafanyika ndani ya Packet Tracer. OSPF, itifaki ya kutafuta njia ambayo ndiyo moyo wa ile robo ya upitishaji, inafundishika vizuri kule bila ruta hata moja ya chuma. Ndiyo maana nasema swichi zije baadaye. Anayenunua vifaa kabla ya kuwa na uwezo wa kusanidi VLAN na trunki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi) kwenye kompyuta bila kufungua kitabu amenunua mapema mno, na betri yake italipia saa ambazo angezitumia kusoma.

Hata hivyo Packet Tracer inamwonyesha mwanafunzi mtandao unaotii. Kebo yake haina pini iliyopinda, swichi yake haina nenosiri la mwenye mali wa zamani, na inapozimwa haisahau wala haikumbuki jambo lisilotarajiwa. Fundi haitwi kwenye hospitali au kwenye ofisi ya shirika kwa sababu mtandao umetii. Swichi ya mitumba ni mwalimu mzuri kwa sababu huja na matatizo ya kweli. Mara nyingi imefungwa kwa nenosiri, na mwanafunzi atalazimika kujifunza kubonyeza kitufe cha Mode huku akichomeka umeme, kuingia kwenye programu ya kuanzishia, kuandika flash_init na kulibadilisha jina faili la config.text. Akishafuta usanidi wote na kuwasha upya atashangaa kukuta VLAN za ofisi fulani ya mbali bado zimo, kwa sababu hazikai kwenye usanidi bali kwenye faili lake lenyewe, vlan.dat, linalopaswa kufutwa peke yake. Na kama swichi hiyo ilikuwa seva ya VTP (itifaki ya Cisco inayosambaza orodha ya VLAN) yenye namba kubwa ya marekebisho, ikiunganishwa kwa trunki na mtandao wenye jina lilelile la VTP inaweza kuzifuta VLAN za mtandao mzima. Hilo limewahi kuangusha ofisi kubwa. Heri mtu alione kwenye meza yake akiwa na swichi mbili kuliko aje alione kazini.

Kisha kuna duara. Radia Perlman alibuni itifaki ya spanning tree mwaka 1985, alipokuwa katika kampuni ya DEC, ili kuzuia data isizunguke milele pale swichi zinapounganishwa kwa kebo zaidi ya moja. Kitabuni jambo hilo ni mchoro wa mishale. Kwenye swichi mbili halisi, mwanafunzi huchomeka kebo mbili kati yake na huona taa ya poti moja ikibaki rangi ya chungwa: imezuiwa, lakini inasubiri. Anaing'oa kebo iliyokuwa ikifanya kazi na kuhesabu sekunde mpaka ile nyingine ichukue nafasi. Anabadili kwenda Rapid PVST+, toleo la Cisco la itifaki hiyo lenye kasi zaidi, na kuona muda huo ukipungua sana. Anazima spanning tree kwenye VLAN ya majaribio, taa zote zinaanza kupepesa kwa kasi moja, na laptopu haipati jibu la ping. Tangu hapo dalili hiyo ataijua kwa macho. Baadaye kebo zilezile mbili anazifunga kuwa EtherChannel, yaani kiungo kimoja. Yote hayo yanahitaji swichi mbili. Ya tatu ingeongeza pembetatu na uchaguzi wa njia wenye utata zaidi, lakini utata huo Packet Tracer inaumudu, na wati za swichi ya tatu zikibaki kwenye betri zina kazi nyingine.

Kwenye kununua, hatari iko wapi? Vifaa vingi vya mitumba vinavyofika eneo letu vimepitia Dubai, Nairobi au Kampala, na si vyote vilivyo na nembo ya Cisco vilitengenezwa na Cisco. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya F-Secure ilichapisha uchunguzi wa swichi bandia za Catalyst 2960-X, zilizogunduliwa kwa sababu ziliacha kufanya kazi mara tu programu yake ilipoboreshwa. Mei 2024 mahakama ya Marekani ilimhukumu Onur Aksoy kifungo cha miaka 6 na nusu kwa kuendesha biashara kubwa ya vifaa bandia vya Cisco vilivyoingizwa kutoka China na Hong Kong. Kwa mwanafunzi, swichi bandia si msiba kama ilivyo kwa hospitali, lakini inaweza kufa siku anapojaribu kuweka toleo jipya, na hakuna wa kumrudishia. Kwa hiyo asinunue kwa picha. Amwombe muuzaji aiwashe, aunganishe konsoli na amtumie maandishi yote ya show version, yanayotaja modeli, namba ya mfululizo na jina la programu, kisha namba hiyo ilinganishwe na ile iliyobandikwa kwenye gamba. Muuzaji mwaminifu atafanya hivyo kwa dakika tano. Akikataa, atafutwe mwingine. Jambo dogo linalosahaulika ni kebo ya konsoli na adapta yake ya USB. Adapta za bei ya chini kabisa mara nyingine zina chipu ya kughushi ambayo Windows hukataa kuifanyia kazi, na mtu anaweza kukaa wiki nzima akidhani swichi ni mbovu. Adapta ijaribiwe palepale inaponunuliwa, kwa kasi ya 9600, kabla pesa haijabadilisha mikono.

Wapo watakaouliza kwa nini ning'ang'anie Cisco wakati MikroTik ya Latvia imeenea, ni mpya na ni rahisi. Swali hili nalipa uzito kuliko wengi wanavyolipa, hasa kwa sababu ya umeme. Ruta ndogo ya MikroTik iitwayo hEX ina poti tano, huuzwa mpya kwa takriban dola 60, na hukubali umeme wa moja kwa moja wa volti 8 hadi 30. Maana yake inachomekwa kwenye betri ya volti 12 bila inveta, na matumizi yake hayazidi wati 10. Ndani mna RouterOS kamili, yenye VLAN, OSPF, BGP na mfumo wa kuuza intaneti kwa vocha. Ikiwa lengo la mtu ni cheti cha MTCNA cha MikroTik wenyewe, au ni kufungua kibanda cha intaneti kesho asubuhi, anunue hEX na asisome zaidi. Lakini CCNA inauliza amri za Cisco na tabia za Cisco; Rapid PVST+ ni ya kwao, na RouterOS inatumia RSTP na MSTP. Anayejifunza kwa RouterOS ataelewa dhana na bado atakwama kwenye maswali yanayomtaka asome maandishi ya show spanning-tree na kutaja poti ipi imezuiwa. Mpango ninaouona bora ni hEX moja kama ruta ya maabara, ikila betri moja kwa moja, pamoja na Catalyst mbili ndogo. Mwanafunzi atajifunza hapo hapo kwamba trunki ya 802.1Q inaelewana kati ya kampuni mbili, jambo ambalo kazini atalikuta kila siku.

Kuhusu swichi mpya za bei rahisi zinazosanidiwa kwa ukurasa wa wavuti, kama TP-Link TL-SG108E, sina mengi. Zinatenganisha VLAN, zinafaa dukani, hula umeme mdogo sana. Hazina mstari wa amri, na mtihani ni wa mstari wa amri.

Pingamizi gumu zaidi halihusu vifaa. Linauliza: cheti cha mitandao kina kazi gani Mubi, katikati ya vita? Wanaouliza hivyo wanaufahamu mji vizuri. Mubi ya leo ilikuzwa na kasiteriti, yaani madini ya bati, ya mlima Bisie, iliyogunduliwa mwaka 2002. Wachukuzi walibeba magunia mgongoni kupitia msituni hadi Njingala, wanunuzi wakakaa Mubi, na ndege ndogo zikatua juu ya kipande cha barabara ya lami huko Kilambo kupeleka mzigo Goma. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na marufuku hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Mji ulioishi kwa biashara moja uliona pesa ikikauka ghafla. Kampuni ya Alphamin ilianza uzalishaji wa kiwandani Bisie mwaka 2019 na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, lakini Machi 2025, waasi wa M23 waliposonga kuelekea Walikale-centre, nayo ilisimamisha kazi na kuwaondoa wafanyakazi, ikarejea Aprili baada ya waasi kurudi nyuma. Historia hiyo haithibitishi kwamba elimu ya mitandao haina kazi. Inathibitisha kwamba riziki inayotegemea mlima mmoja inaweza kuzimwa na amri ya Kinshasa au kwa mapigano ya wiki moja, na kwamba kijana anahitaji ujuzi ambao anaweza kuhama nao mpaka Kisangani, Beni au Kampala na ukatambuliwa huko siku ya kwanza.

Na kazi ipo hata bila kuhama. Mei 2025 serikali ya Kongo iliipa Starlink leseni, baada ya kuwa imepigwa marufuku mwaka uliotangulia. Kila antena inayoleta intaneti mahali ambapo minara ya simu haifiki inazaa swali la nani ataigawa. Mwenye kibanda anataka wateja walipe kwa vocha na wasiione kompyuta ya keshia. Kituo cha afya kinataka takwimu zake zitengwe na simu za wageni. Shule inataka darasa zima litumie muunganisho mmoja bila mtu mmoja kuumaliza kwa video. Yote hayo ni VLAN, ni DHCP, ni usalama wa poti, yaani sura zilezile za kitabu cha CCNA. Hata antena yenyewe inahitaji mtu anayejua: kifaa cha Starlink cha kizazi cha pili hakina poti ya kebo mpaka kinunuliwe adapta yake, na anayefunga kumi za namna hiyo bila kujua amewaingiza wateja wake hasara. Kwa sasa kazi hizi zikitokea, fundi huitwa kutoka mbali. Naona uchungu katika hilo kuliko ninavyoweza kuueleza kwa utulivu. Lehemu inayoshika kila chipu kwenye bodi ya swichi ni bati kwa sehemu kubwa. Ile ya kawaida isiyo na risasi ina bati zaidi ya asilimia 95. Walikale ni miongoni mwa wilaya za dunia zinazotoa madini hayo kwa wingi. Si haki kwamba mtoto wa mahali hapo afike utu uzima bila kuwahi kuigusa bodi ambayo ardhi ya kwao imeiunganisha, na ndiyo sababu sikubali jibu la wanaosema Packet Tracer pekee inamtosha yeye, ilhali wenzake wa kwingine wana vifaa vya kushika.

Hata hivyo haki hiyo lazima ipitie kwenye pesa iliyopo. Ada ya mtihani wa CCNA ni dola 300 kabla ya kodi, na cheti hudumu miaka 3. Mtihani hufanyika kwenye vituo vya Pearson VUE, au nyumbani mbele ya kamera ikiwa intaneti ni imara kwa dakika 120 bila kukatika. Kwa mtu wa Mubi hilo la pili ni kamari, na la kwanza ni safari, iliyozidi kuwa ngumu tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025. Kwa hiyo ada na nauli ndizo gharama kuu, na maabara isizile. Kwenye masoko ya mitumba ya kimataifa 2960 ndogo hupatikana mara nyingi kwa dola 20 hadi 50. Kuifikisha msituni kunaweza kuizidisha bei hiyo. Mtu mmoja akibeba yote peke yake, atakuwa ametumia kwenye chuma pesa aliyotakiwa kuiweka kwa ajili ya chumba cha mtihani.

Wanne wakichanga, hesabu inageuka. Swichi mbili, hEX moja, kebo ya konsoli yenye adapta iliyojaribiwa na kebo chache za mtandao zinagawanyika kuwa mchango ambao mwalimu au muuza vocha anaweza kuutoa kwa awamu. Wapo watakaosema vifaa vya ushirika huharibika kwa kukosa mwenyewe, na hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni utaratibu ulioandikwa tangu mwanzo: vifaa vikae mahali palipo na sola tayari, kama shule au parokia, chini ya mtu mmoja anayejulikana, na kila mwanachama awe na jioni zake mbili kwa wiki. Ajiandae nyumbani kwa Packet Tracer, aje na zoezi analotaka kulifanya, asitumie wati za wenzake kufikiri aanze wapi. Jioni yake ikiisha anahifadhi usanidi kama faili la maandishi kwenye laptopu au simu yake, anafuta startup-config na vlan.dat, anazima inveta, na mwenzake wa kesho anakuta swichi tupu na betri iliyobaki na zaidi ya nusu.